Unga wa Shangazi na Programu ya Kukata Protini

Mtoto alivimba midomo siku ya Jumatatu, na kufikia Ijumaa kijiji kizima kilikuwa kimeshaamua kwamba shangazi yangu anachanganya karanga kwenye unga wa korosho.

Kijiji chenyewe kiko njia ya Kilambo, kabla hujaufikia mto. Shangazi alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliobangua korosho, wakazikaanga, wakazitwanga na kuuza unga wake kwa ajili ya uji wa watoto. Shule ya chekechea ya pale ilikuwa ikiuchukua. Siku hiyo binti mdogo alikunywa vijiko vichache vya uji, mwili ukamtoka mabaka, midomo ikavimba, na akawa anavuta pumzi kwa taabu. Wakamkimbiza zahanati, akachomwa sindano, akapona. Nesi alimuuliza mama yake kama mtoto ana kitu kinachomdhuru. Mama akasema ndiyo, karanga. Tangu alipozionja mara ya kwanza na kutapika, nyumbani kwao hazipikwi. Basi nesi akasema lile neno ambalo kila mtu alilibeba mpaka kwake: "Hapo kuna karanga imeingia."

Na nani angeiingiza kama si watengenezaji? Korosho nzima nyeupe ilikuwa inagombaniwa na wanunuzi, karanga za bei rahisi zilikuwa kila nyumba. Sababu ilijionyesha yenyewe, haikuhitaji kutafutwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi Mtwara, nafanya kazi katika maabara ndogo ya utafiti wa korosho nje kidogo ya mji. Ofisa wa wilaya alipoleta ndoo ya plastiki yenye unga wa kikundi na kuomba tuupime, niliitambua ile ndoo kabla hajaifungua. Nilimfuata mkuu wa maabara ofisini kwake.

"Mzee, kuna jambo unapaswa kulijua. Mwenyekiti wa kikundi hicho ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea."

Mkuu wangu alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani anapotaka kufikiri. Aliivua. "Asante kwa kuniambia," akasema. Alasiri hiyo kabati la sampuli lilikuwa na kufuli jipya, na ufunguo wake sikuwahi kuupewa.

Sikumlaumu. Lakini tangu siku hiyo kila alipopita nyuma ya kiti changu nilihisi anasoma kilichopo kwenye skrini.

Kwa bahati, maabara yetu ilikuwa na mradi na chuo kimoja cha ng'ambo, wa kuchunguza protini za aina mbalimbali za mikorosho. Kazi ilienda hivi. Protini ni kama uzi mrefu wa ushanga, wenye shanga za aina tofauti zilizopangwa kwa mpangilio wake. Ipo protini ya korosho, ipo ya karanga, na mpangilio haufanani. Sisi tuliiloweka protini pamoja na kimeng'enya, kile kile ambacho mwili hukitumia tumboni kusaga nyama na maharage. Kimeng'enya hicho hakikati ovyo. Kinakata baada ya aina mbili tu za shanga. Unapata vipande. Vipande vinasafirishwa ng'ambo, kwenye mashine inayoweza kupima uzito wa kila kimoja, na uzito huo unarudi kwetu kwa barua pepe.

Sasa utajuaje kipande kipi ni cha nani? Hapo ndipo ilipoingia programu. Ilikuja kwenye CD, tukaiweka kwenye kompyuta pekee iliyokuwa na nguvu. Unaiandikia mpangilio wa protini kama ulivyokwisha kujulikana na wataalamu, yenyewe inajifanya kimeng'enya, inaukata uzi kimawazo, na kukuonyesha vipande vinavyotarajiwa na uzito wa kila kimoja. Kisha unalinganisha: kilichotarajiwa na kilichopimwa.

Sikuwahi kuiamini programu ile. Ilikuwa safi mno. Kazi niliyoihangaikia mimi usiku na mchana kwenye maji ya uvuguvugu, huku jenereta la mji likizima na kuwaka, yenyewe iliimaliza kabla sijavuta kiti vizuri, na haikukosea hata mara moja. Mimi nilijua kimeng'enya halisi kilivyo. Kikipata joto kubwa kinakufa, kikipata baridi kinalala, na protini ikijikunja vibaya kinashindwa kupenya. Kitu kisichowahi kushindwa kinanitia wasiwasi.

Unga wa shangazi nao ulipitishwa njia hiyo hiyo, na majibu yake yalipokuja, mkuu aliyafungua mwenyewe. Aliyalinganisha na korosho kwenye programu, kisha akaniita.

"Tazama. Baadhi ya vipande ni vya korosho, hakuna ubishi. Lakini hivi hapa vikubwa vikubwa si vya korosho."

"Ni vya karanga?"

"Kimoja kinakaribiana na cha karanga. Vingine sivijui. Ila kitu kingine kimo humu." Alivaa miwani, akanitazama. "Pole, dada."

Nilijibu nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilikuwa nafikiria jinsi shangazi alivyokuwa akipepeta unga ule mara ya pili na ya tatu, na papo hapo nikafikiria jinsi msimu ule ulivyokuwa mbaya, mikorosho ilivyopigwa na ugonjwa wa ubwiriunga mpaka maua yakakauka mitini. Shaka haikuchagua upande. Niliishuku programu, nikamshuku mkuu, na kufikia mwisho wa juma nilikuwa namshuku shangazi.

Jumamosi nilipanda gari la mizigo lililokuwa linakwenda Kilambo, nikashuka kijijini. Shangazi alikuwa uani, amekaa kwenye kibao, na mbele yake ungo. Ndani ya ungo zilikuwamo karanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umekonda, mjini hawali?"

Nilikaa kwenye mkeka. Macho yangu yalikuwa kwenye ungo, na nilipojaribu kuyaondoa yalielekea mlangoni, kwenye kinu, kwenye mchi, kwenye gunia lililosimama nyuma ya mlango. Aliendelea kuchagua karanga bila kuharakisha.

"Za nini hizo, shangazi?"

"Za kisamvu. Wewe ulikulia kisamvu cha nini? Cha maji?"

"Na kinu ni kile kile mnachotwangia korosho?"

Mikono yake ikasimama. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayetaka kuhakikisha ni nani aliyekaa mbele yake.

"Umekuja kunisalimia au umekuja kunipekua?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Basi umeshanisalimia." Akamwita jirani yake aliyekuwa akipita nje ya uzio. "Hebu njoo umuone ntu wa serikali! Nimemlea kwa mikono hii, leo ananiuliza kinu."

Jirani alicheka kidogo, akapita zake. Shangazi aliinua ungo, akaingia nao ndani. Aliporudi alizungumza kwa sauti ya chini.

"Kinu cha korosho kiko kwenye banda la kikundi, kina kufuli, na ufunguo anao katibu. Karanga hazijawahi kuingia mle. Lakini sikwambii ili unisadiki. Nenda kaangalie, maana hicho ndicho ulichokijia."

Nilikwenda. Niliona aibu njia nzima. Katibu alinifungulia banda bila kunijibu salamu. Kinu kilikuwa cheupe kwa unga, hakikuwa na ganda hata moja jekundu la karanga. Kulikuwa na karai kubwa la kukaangia, jeusi, na rundo la kuni. Niliokota korosho moja iliyomwagika pembeni ya karai, nikaivunja. Ilikuwa imeiva rangi ya kahawia mpaka ndani.

Nilisimama pale na ile korosho mkononi, nikauliza, "Mnazikaanga mpaka ziwe hivi?"

"Watoto hawapendi uji wenye harufu mbichi," katibu alisema, akitazama ukuta.

Korosho zote tulizowahi kuzipima maabara kwa ajili ya mradi zilikuwa mbichi. Zilitoka mtini, zikakaushwa, zikasagwa. Hatukuwahi kupima hata moja iliyopita motoni. Na moto hubadili protini. Inaganda na kujifunga, kama ute wa yai unavyoganda. Kimeng'enya kikija hapo hakifiki kila mahali. Kitaruka sehemu ya kukata, na badala ya vipande viwili utapata kimoja kirefu.

Vipande vikubwa vikubwa.

Jumatatu nilifika kazini kabla ya mtu yeyote. Nilifungua programu, nikaacha kuangalia majibu, nikaangalia maswali. Chini kabisa ya dirisha, mahali ambapo hatukuwahi kupagusa, kulikuwa na kisanduku kidogo kinachouliza ni sehemu ngapi za kukata ambazo kimeng'enya kinaruhusiwa kuziruka. Ndani yake kulikuwa na sifuri. Ndivyo ilivyotoka kwenye CD. Kumbe muda wote programu ilikuwa inatusimulia kimeng'enya kisichokosea kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba kimeng'enya hukosea.

Nilibadilisha sifuri nikaweka mbili. Orodha ya vipande vinavyotarajiwa ilirefuka. Vile vikubwa, karibu vyote, vilipata mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ule uzi wa korosho.

Mkuu alipoingia nilimwonyesha. Hakufurahi hata kidogo.

"Umebadilisha nini?"

Nikamweleza: karai, rangi ya kahawia, kisanduku.

"Na ulikwenda huko lini?"

"Jumamosi."

"Peke yako. Kwa shangazi yako." Aliketi. "Nisikilize vizuri, maana sitaki nikukosee. Ukiongeza mikato iliyorukwa, orodha inarefuka. Orodha ikirefuka vya kutosha, hata unga wa muhogo utafanana na korosho. Umebadilisha namba moja na ghafla shangazi yako hana hatia. Kama ningekuwa mimi nimefanya hivyo kwa shangazi yangu, wewe ungesemaje?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, lakini ningesema kile kile alichosema yeye.

"Basi nipime," nikamwambia. "Nipime mimi pamoja na programu."

Alivua miwani. Kesho yake alinunua korosho na karanga sokoni mwenyewe, akazikaanga nyumbani kwake kwenye jiko la mkaa, mke wake akimcheka. Alitengeneza unga wa namna mbili: mmoja wa korosho tupu zilizokaangwa, mwingine wa korosho zilizokaangwa zikachanganywa na karanga. Akaweka alama anazozijua yeye tu, nami nikauloweka kila mmoja na kimeng'enya mbele ya macho yake, tukavifunga vichupa pamoja na kuvituma.

Kusubiri kule kulikuwa kurefu na kubaya. Ofisini tulizungumza mambo ya ofisi. Niliona ananiangalia mikono ninapofanya kazi, na mimi nilimwangalia yeye anapopokea simu kutoka wilayani. Shule ilikuwa imeacha kuchukua unga. Habari zilinifikia kwamba wanawake wawili wamejitoa kwenye kikundi, na kwamba kisimani watu wananyamaza shangazi anapofika. Wengine walikuja na maelezo mapya: eti sisi wa maabara tumechukua unga ili tuufanye dawa, eti kuna kompyuta mjini inayokula korosho na kutoa majina ya wachawi. Shangazi hakunitumia salamu. Nilituma sukari kwa dereva mmoja aliyekuwa akienda huko. Akairudisha, akasema shangazi amesema anayo.

Majibu yalipokuja, mkuu alinikabidhi. Alisimama nyuma yangu nikifanya kazi, na safari hii sikujali.

Kwa sifuri kwenye kisanduku, unga wote ulionekana umechanganywa. Nilimwonyesha hilo kwanza. Kisha nikaweka mbili. Unga mmoja ukatulia kwenye korosho, mabaki machache tu yasiyojulikana. Wa pili ulibaki na vipande kadhaa vilivyokataa kabisa kuwa korosho, na nilipoiwekea programu uzi wa karanga, nayo mikato ikiruhusiwa kurukwa vivyo hivyo, vikakaa mahali pake kimoja baada ya kingine.

"Huu una karanga," nikasema, nikagusa alama yake kwenye skrini. "Ule hauna."

Alifungua daftari lake, akalinganisha alama.

"Ndivyo nilivyoweka," akasema. Kisha akavuta kiti, akaketi kando yangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ndoo ilipokuja. "Rudia wa shangazi yako. Kwa karanga pia. Nataka nione mwenyewe."

Nikarudia. Korosho. Kile kipande kimoja kilichokuwa kinakaribiana na cha karanga kilikuwa kipande kirefu cha korosho ambacho kimeng'enya kilikuwa kimeruka mahali pa kukikata.

Tuliandika taarifa pamoja. Ofisa wa wilaya aliisoma akiwa amesimama, akauliza, "Kwa hiyo karanga haimo?"

Mkuu alinitazama, akaniachia nijibu. Nilisema, "Hatukuiona."

"Haimo au hamkuiona?"

"Kama imo kidogo sana, mashine inaweza isiione. Tulichokipima hakina dalili ya karanga."

Alikunja karatasi. Nilimwona usoni kwamba amesikia tu lile neno "kidogo". Na kweli, alipofika kijijini taarifa ikawa hivi: wataalamu wamesema labda. Mtu aliyetaka kumshuku shangazi alipata pa kuendelea, na aliyetaka kumtetea alipata pa kutetea. Nilikasirika, kisha nikajiuliza ningesema nini kingine ambacho kingekuwa kweli. Swali lilikuwa bado liko wazi mbele yetu sote: kama haikuwa karanga, yule mtoto alidhurika na nini?

Jibu halikutoka maabara. Lilitoka kwenye harusi.

Ilikuwa baada ya mfungo. Mama wa yule binti alikwenda na wanawe harusini Mikindani, kwa ndugu zake. Wageni waliwekewa sahani za korosho zilizokaangwa, na mtoto alichukua moja akatafuna. Moja tu, na nzima, ambayo kila mtu aliiona kwa macho kuwa ni korosho. Midomo ikaanza kuvimba kabla hajamaliza kumeza. Walimkimbiza hospitali ya Mtwara, akalazwa, akapona. Daktari aliyempokea alimweleza mama kwamba mtoto huyo anadhuriwa na karanga na vilevile na korosho, kila moja kivyake, na kwamba asipewe hata punje ya yoyote kati ya hizo.

Mama alishangaa, na sisi wote tulishangaa pamoja naye. Kwetu korosho ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni kitu unachompa mgeni kabla hujamuuliza habari za safari. Mtoto akiumwa tunashuku maji, tunashuku jirani, tunashuku samaki aliyelala. Hakuna aliyeishuku korosho. Na mimi mwenyewe, niliyekuwa nimesoma kwamba protini zake zinaweza kuwadhuru baadhi ya watu, nilikuwa nimezama kuitafuta karanga ndani ya unga kwa sababu ndilo swali nililoletewa.

Yule mama alifanya jambo lililonifanya nimheshimu mpaka leo. Alirudi kijijini, akaenda nyumbani kwa shangazi mchana kweupe watu wakiona, akasema mlangoni kwa sauti: "Mama, nilikudhania vibaya. Ntoto wangu ndiye hawezi korosho." Shangazi alimkaribisha ndani. Walichozungumza huko sikijui. Shule ilirudi kuchukua unga, na yule binti akawa anabeba uji wake wa mtama kutoka nyumbani.

Kwangu shangazi alichelewa zaidi. Alikuja maabara baadaye, bila kunipa taarifa, pamoja na katibu wa kikundi, wote wamevaa kanga mpya. Alitaka kuiona kompyuta iliyokula korosho zao. Mkuu aliwapokea kwa heshima, akawapa viti, na mimi nikaiwasha.

Alitazama skrini, akatazama nyuma ya kompyuta, akainama kutazama chini ya meza.

"Unga unaingilia wapi?"

"Hauingii, shangazi. Humu kuna maandishi tu. Inafikiria jinsi ambavyo ingekata."

"Haijaonja?"

"Haijaonja."

"Na kwa kufikiria tu ndiyo ilisema nimechanganya." Mkuu alivua miwani, akaisafisha kwa shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sisi ndio tuliosema, mama," akasema hatimaye. "Yenyewe ilijibu tulichoiuliza."

Shangazi alimtazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jibu lisilomridhisha lakini akakubali adabu yake. Alikataa soda, akakubali maji. Nilipomsindikiza mpaka barabarani kusubiri gari la kurudi, katibu alitangulia mbele kidogo. Shangazi aliniambia Ijumaa anapika, nije kama nina nafasi.

Nilikwenda. Alipika samaki wa nazi na ugali wa muhogo. Aliniuliza habari za kazi, nikamweleza tunapima korosho kutoka Newala sasa, akasema za Newala ni ndogo. Nilipomaliza kula niliinuka nichukue vyombo nikavioshe, kama nilivyofanya utoto wangu wote. Aliniwahi, akavichukua mwenyewe, akasema niketi tu, mimi ni mgeni.